Kupe wa Mbwa Wako Yuko Ukutani

   

Msikilizaji, leo katika mazungumzo yetu ya redio kuhusu afya ya mifugo sitazungumzia ng'ombe. Mbuzi na kuku nao tutawaweka kando. Leo ni zamu ya yule anayekesha nje ili wewe ulale ndani. Namzungumzia mbwa, na namzungumzia adui yake mkubwa, kupe.

Nianze na swali. Mara ya mwisho kumgusa mbwa wako ilikuwa lini? Sisemi kumtupia ugali. Sisemi kumwita kwa mluzi, wala kumfungia bandani asubuhi. Nasema kumgusa: kupitisha vidole nyuma ya masikio, chini ya shingo, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, mpaka chini ya mkia. Ilikuwa lini?

Najua wengi wenu mnatafuta jibu hamlioni. Kwetu mbwa wa ulinzi hufungiwa mchana, hufunguliwa usiku, hupewa makombo, na basi. Mkono wa mtu haumfikii. Wengine mna sababu ya dini, kwamba mate ya mbwa ni najisi, na hilo naliheshimu kabisa. Lakini glavu zipo, hata za mpira zile za kufulia, na ukimaliza unanawa. Mbwa asiyeguswa na mtu ni shamba la kupe. Narudia, maana ndiyo chanzo cha mambo mengi nitakayoyasema jioni hii: mbwa asiyeguswa ni shamba la kupe.

Sasa niwasimulie kisa. Kuna mama mmoja anakaa huku kwetu Morogoro, kwenye miteremko ya Uluguru. Aliniita kwa ajili ya mbwa wake, dume la kahawia, jina lake Bosco. Akaniambia, "Daktari, mimi huyu mbwa namwogesha dawa kila wiki. Kupe wanakufa, naona kwa macho yangu wanaanguka. Wiki ikiisha, wamerudi walewale. Hii dawa wanayotuuzia ni feki?"

Nikamwambia, "Mama, kabla hatujailaumu dawa, naomba unionyeshe anakolala."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Banda la mbao za makasha, juu bati, chini magunia mawili yaliyokwisha kuwa meusi. Kwa macho tu, hapakuwa na kitu. Nikawasha tochi, nikatoa kisu kidogo, nikachomeka ncha yake kwenye ufa kati ya mbao mbili, usawa wa kifua changu, nikakwangua taratibu. Walitoka, msikilizaji. Walitoka kama nyonyo zinavyomwagika kwenye ganda. Wengine wakubwa, wa rangi ya kijivu, wamevimba damu. Wengine bapa, wekundu wa kahawia, wana njaa. Na nyuma yao, ndani kabisa ya ufa, kishada cha mayai madogo ya kahawia yanayong'aa, yameshikana kama ulezi uliomwagikiwa na asali.

Yule mama alishika mdomo. Nikamuuliza, "Dawa yako ya kila wiki imewahi kufika hapa?" Akatikisa kichwa.

Kwa kuwa nimetaja nyonyo, niseme kidogo. Nyonyo, yaani mbegu ya mbarika, na kupe aliyeshiba wanafanana mno, na wenzetu wa zamani waliliona hilo. Jina la kisayansi la mbarika, *Ricinus*, ni neno la Kilatini lenye maana ya kupe. Kwa hiyo ukitaka kumfundisha mtoto wako kumtambua kupe, mwonyeshe mbegu ya nyonyo.

Tumwangalie sasa kupe huyu mwenyewe, maana adui usiyemjua humpigi. Kupe tunayemkuta zaidi kwa mbwa wa nyumbani ni kupe wa kahawia wa mbwa. Ng'ombe ana kupe wake, wafugaji mnawajua, wale wa masikioni wanaoleta ndigana kali. Huyu wa mbwa ana tabia yake ya pekee: anapenda kuishi kwenye makazi. Ni kupe wa nyumba. Kupe wengine wanangoja kwenye majani; huyu anaweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka ndani ya uzio wako bila kukanyaga nyasi hata siku moja.

Maisha yake yako hivi. Jike likishiba damu linajiachia, linashuka kutoka kwa mbwa, linatafuta ufa. Hupenda kupanda juu, ndiyo maana utamkuta kwenye pembe za ukuta, nyuma ya fremu ya mlango, hata karibu na dari. Huko linataga mayai elfu kadhaa, halafu linakufa. Mayai yanaanguliwa, vinatoka vitoto vidogo kama chembe za pilipili manga, vina miguu sita tu. Vinamtafuta mbwa, vinanyonya siku chache, vinaachia, vinarudi ufani kujivua gamba. Vinatoka na miguu minane. Vinamtafuta mbwa tena, vinanyonya, vinaachia, vinarudi ufani. Ndipo wanakuwa kupe wazima, wanampanda mbwa kwa mara ya tatu.

Umehesabu? Anampanda mbwa mara tatu, na kila mara anashuka. Siku anazokaa mwilini mwa mbwa ni chache. Siku anazokaa ukutani ni nyingi. Na asipompata mbwa je, atakufa kwa njaa? Atakufa, lakini si leo wala kesho. Kupe mzima wa aina hii anaweza kukaa bila kula zaidi ya mwaka mzima. Unaweza kuhamia nyumba iliyokaa tupu miezi mingi, ukaingia na mbwa wako msafi, na baada ya muda mfupi ukashangaa kupe wametoka wapi. Walikuwa wanakusubiri.

Kwa hiyo lile swali la yule mama, kwa nini wanarudi wiki ijayo, jibu lake ni hili: hawarudi. Wale wa wiki iliyopita walikufa kweli. Hawa ni ndugu zao waliokuwa ukutani. Ukimtibu mbwa ukaliacha banda, umefanya nusu ya kazi, na nusu uliyoiacha ndiyo kubwa.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Mnamkumbuka papasi? Kiswahili chetu hakikumchanganya papasi na kupe. Papasi ni yule anayejificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, anatoka usiku kumuuma mtu, na analeta homa ya papasi. Bibi zetu hawakumfukuza papasi kwa kumpaka mtu mafuta. Walikandika sakafu, walisiriba ukuta, waliziba nyufa. Walimpiga nyumbani kwake. Kupe wa mbwa naye anataka akili hiyohiyo.

Sasa, msikilizaji, labda unajiuliza: kupe ananyonya damu kidogo tu, kuna ubaya gani? Watu wa rika langu mnakumbuka kwamba enzi za Azimio la Arusha mnyonyaji aliitwa kupe. Jina lilimfaa. Lakini kwa mbwa, damu inayonyonywa si tatizo kubwa, ingawa kwa mtoto wa mbwa kupe wengi peke yao wanaweza kummaliza damu. Tatizo kubwa ni vile anavyoviacha. Anapochoma mdomo wake, anatema mate, na ndani ya mate kuna vijidudu vya maradhi.

Nitataja mawili tu. La kwanza ni babesia. Vijidudu vyake vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Wafugaji wa ng'ombe mnaujua ugonjwa huu kwa jina la kukojoa damu. Kwa mbwa ni vilevile: homa kali, mkojo wa rangi ya chai ya rangi au ya kahawa, fizi nyeupe au za manjano, mbwa amelala hataki kuinuka. Aina nyingine ni kali sana hapa Afrika, inaweza kumuua mbwa kwa siku chache, na hiyo huletwa na kupe mwingine, yule wa njano wa kwenye nyasi na vichaka. Mwenye mbwa wa kuwinda au wa kulinda shamba, amwangalie zaidi.

La pili ni erlikia. Huu ndio ugonjwa wa kupe wetu wa ukutani. Unakwenda polepole, na unadanganya. Mbwa anapata homa, anakosa hamu ya kula siku mbili tatu, halafu anaonekana kupona. Unashukuru. Kumbe vijidudu vimejificha. Miezi inapita, anakonda, macho yanafifia, na siku moja unamkuta damu zinamtoka puani bila kupigwa. Watu husema amerogwa, au amekula sumu. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 nchini Algeria, na katika vita vya Vietnam uliua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, mbwa waliokuwa na madaktari wao na chakula cha kutosha. Kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa mbwa koko.

Bosco alikuwa nao. Nilipoinua mdomo wake wa juu, fizi zilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa. Fizi za mbwa mzima ni nyekundu ya waridi. Kama mbwa wako fizi zake ni nyeusi kwa asili, mvute kope ya chini uangalie ndani. Jifunze kuangalia sasa, akiwa mzima, ili fizi zikibadilika ujue. Na ukiziona zimekuwa nyeupe, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Je, maradhi haya yanatibika? Yanatibika, ukiwahi. Erlikia inatibiwa kwa vidonge vya doksisaiklini, kwa kawaida wiki nne. Wiki nne, msikilizaji, nasisitiza hapo. Siku ya tatu mbwa anaanza kula, siku ya tano anabweka, na hapo ndipo watu wanapoacha dawa. Vijidudu havijaisha. Maliza wiki nne. Babesia ina sindano zake, na hizo si za kujichomea mwenyewe nyumbani, maana kipimo kikizidi ni hatari.

Tuje kwenye kinga, na hapa nataka tukae kidogo.

Kwanza, mkono wako. Kila jioni kabla hujamfungulia, au walau mara mbili kwa wiki, mpitishie mkono mbwa wako. Masikio kwanza, ndani na nyuma. Kope. Shingo, chini ya mkanda wake, na mkanda uuvue. Kwapa. Kinena. Katikati ya vidole, maana huko wanajazana na mbwa anachechemea watu wanadhani amechomwa na mwiba. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, taratibu, bila kumzungusha. Usimchome na sigara. Usimpake mafuta ya taa. Usimkamue tumbo, kwa sababu ukimkamua unamtapisha ndani ya mbwa. Na usimpasue kwa kucha zako, jambo ambalo nimewaona watoto wakilifanya kama mchezo. Kupe huyu anaweza kumletea homa hata mtu. Mtumbukize kupe kwenye kichupa chenye spiriti, kisha nawa kwa sabuni.

Pili, dawa ya mwilini. Madukani siku hizi zipo za namna nyingi. Ziko za kuogeshea zenye amitrazi, ziko za matone ya mgongoni, iko mikanda ya shingoni yenye dawa inayodumu miezi kadhaa, na viko vidonge vya kutafuna, vingine vya mwezi mmoja na vingine vya miezi mitatu. Ipi bora? Bora ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwa uzito wa mbwa wako, ambayo utaweza kuinunua tena muda wake ukiisha. Kidonge cha bei kubwa ukimpa mara moja ukaacha, hakijakusaidia. Kama mbwa wako ana kifafa, mwambie daktari kabla ya kumpa vidonge. Kama ni mtoto mchanga wa mbwa, uliza kwanza, maana dawa nyingi si za umri wake. Na kama una paka, sikiliza vizuri: dawa nyingi za mbwa, hasa zenye permethrini, zinaua paka. Usimpake paka dawa ya mbwa hata tone.

Hapa lazima niseme jambo linaloniumiza. Miaka ya nyuma nilifuatwa usiku na kijana mmoja, mwenye mbwa aliyekuwa na watoto sita wa wiki saba. Kupe walikuwa wamewajaa. Jirani alimshauri atumie dawa ya kupulizia pamba, akaikoroga kwa kukadiria, akawaogesha wote ndani ya beseni moja. Nilipofika, watoto wanne walikuwa wamekufa. Wawili walikuwa wanatetemeka, mate yanawachuruzika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama vichwa vya pini. Mmoja nilimwahi kwa sindano. Mmoja alinifia mkononi. Yule kijana hakuwa mkatili. Alikuwa anawapenda, ndiyo maana aliwaogesha.

Nawaomba, kwa hiyo. Dawa ya pamba ni ya pamba. Dawa ya nyanya ni ya nyanya. Oili chafu ya gari siyo dawa ya mbwa. Inamchubua ngozi, na akijilamba inamwingia tumboni. Mafuta ya taa vilevile. Na dawa ya josho la ng'ombe, usimpimie mbwa kwa kifuniko cha soda kwa sababu tu jirani alifanya hivyo na wake hakufa. Uliza, soma karatasi ya maelekezo, pima.

Tatu, na sasa turudi tulikoanzia, banda. Toa kila kitu. Magunia yachome, au yachemshe kwenye maji ya moto na kuyaanika juani. Fagia, kwangua kila ufa kwa kisu au waya, yanayotoka yachome moto. Kisha nyunyiza dawa ya kuulia kupe iliyoandikwa kwamba inafaa kwa mabanda, uifikishe ndani ya nyufa, juu mpaka kwenye bati, nyuma ya mlango, na ukuta wa jirani na banda. Mbwa asiwepo, kuku wasiwepo, na asirudi mpaka pakauke. Baada ya hapo ziba nyufa. Saruji, lipu, hata udongo uliokandwa vizuri ni bora kuliko ufa ulio wazi.

Na ukishanyunyiza mara moja, umemaliza? Hujamaliza. Mayai mengi hayafi kwa dawa. Yataanguliwa baadaye, na vitoto vitatoka vikiwa na njaa. Kwa hiyo rudia baada ya wiki mbili au tatu, kufuatana na maelekezo ya dawa uliyonunua, na urudie tena. Wakati huohuo mbwa awe na dawa yake mwilini, ili vinavyompanda vife. Mbwa na banda kwa pamoja, siku moja. Majani ya uani nayo yafyeke yawe mafupi. Kuku wa kienyeji watakusaidia kudonoa wale wanaotembea chini, lakini kuku hafiki kwenye ufa ulio usawa wa kifua.

Kuna anayeniambia kimoyomoyo, "Daktari, hiyo gharama yote kwa mbwa?" Namwelewa, maisha ni magumu. Lakini kisu cha kukwangulia hakinunuliwi. Mkono wa kumpapasia mbwa ni wako. Ndoo ya udongo wa kuzibia nyufa iko hapo nje. Sehemu kubwa ya niliyoyasema ni jasho tu, dawa ni sehemu ndogo. Na huyu mbwa, msikilizaji, halipwi mshahara. Anabweka kwenye mvua ya masika saa nane usiku kwa sababu amesikia hatua usiyoisikia wewe.

Bosco alimeza vidonge vyake wiki nne zote. Yule mama alikuwa anavificha ndani ya donge la ugali na dagaa. Banda la mbao alilivunja, mbao akazichoma, mwanawe akajenga la matofali na kulipiga lipu laini ndani na nje. Nilipita huko tena baada ya mvua za vuli. Niliingiza tochi, nikatafuta ufa wa kuchomeka kisu, sikuupata. Bosco alinibwekea mpaka akachoka, na alipofungua mdomo niliziona fizi zake, nyekundu.

Muda wangu umekwisha. Saa hizi jua linazama, na wengi wenu mnakaribia kuwafungulia mbwa. Kabla hujamfungulia, vaa glavu, mpitishie mkono nyuma ya masikio na kati ya vidole, kisha chukua tochi uumulike ukuta wa banda lake, pembe za juu kwanza.